Juu ya nini wengi walikataa masharti ya Ebola Beni na Butembo?

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2 200, hata kama chanjo ilikuwepo. Basi, juu ya nini wakaaji wengi walikataa?

Kwanza, usalama. Tangu 2014 raia wa Beni walikuwa wanachinjwa. Ebola ilipofika, magari ya misaada yakajaa barabarani. Watu wakajiuliza: wakati wa panga, hawa walikuwa wapi?

Pili, siasa. Tarehe 26 Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo ulisukumwa mpaka Machi 2019, sababu Ebola na vita. Lakini masoko na makanisa yalibaki wazi! Kesho yake, waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni.

Tarehe 30, wakaaji wa Beni walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe.

Kumbe hawakukataa maji na sabuni. Walikosa imani. Ndiyo maana kuruhusu jamaa kuona mgonjwa wao kupitia plastiki safi, na kufuata mazishi, kulisaidia kuliko amri.