“Huyu Ni Kama Mtoto Wangu”

Juma hili tunaongea juu ya kazi, na zaidi juu ya wale tunaowapa kazi. Wengi wetu hapa Lubumbashi tuko na mashine mbili za kushona barazani, ao meza ya bukari na samaki karibu na soko. Tulianza peke yetu, kisha tukachukua msichana mmoja wa kusaidia, kisha wa pili. Mtu akiuliza kama tuko na wafanyakazi, tunajibu: “Hapana, hawa ni kama watoto wangu.”

Neno hilo ni zuri, na mara nyingi linatoka moyoni. Lakini ugomvi mwingi unaofika kwenye mikutano yetu unaanzia hapo. Mtoto wa nyumba hana siku ya mshahara. Anatumwa sokoni, anabeba mtoto mgongoni, anamaliza kazi giza likiingia, na mwisho wa mwezi anaambiwa: “Unaona mwenyewe hali yetu.” Mfanyakazi anasikia, ananyamaza, na anahesabu. Siku moja haji tena, na wateja wanamfuata kwake.

Babu zetu walioishi kwenye kambi za Union Minière, kisha za Gécamines, walipokea posho ya unga, na kazi ilikuwa na king’ora chake na karatasi zake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi zikabaki juu ya mabega ya mama. Tukawa mapatroni bila mtu kutufundisha upatroni.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mapatano yaandikwe. Kama hakuna karatasi, usifikiri hakuna mapatano: mfanyakazi anaweza kuyahakikisha kwa njia nyingine, na yanahesabiwa kuwa hayana mwisho uliopangwa. Basi “hatukuandikiana kitu” haimlindi mwenye kazi hata kidogo. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kuanzia: kazi gani, saa ngapi (sheria inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa juma), mshahara kiasi gani, siku gani. Andikeni pia kama ni dola ao faranga, maana faranga ikishuka katikati ya mwezi, kila mmoja atakumbuka mapatano kwa namna yake.

Na umeme ukikatika? Msichana amekuja asubuhi, mashine imelala, jioni anarudi nyumbani. Wengine wanaikata siku hiyo. Sisi tunaona siku hiyo ni yake, kwa sababu hakukata umeme yeye. Weka kando kazi za mkono, kama vifungo, pindo na kukata vitambaa, ili siku kama hizo zisipotee.

Kikwembe cha mteja kikiungua kwa pasi, usimgombeze mbele ya mteja. Mwite pembeni, muulize ilikuwaje, kisha mpatane. Labda pasi yenyewe ni mbovu na alikwisha kukuambia mara mbili.

Jambo gumu kuliko yote ni mimba. Sheria inampa mwanamke majuma 14 ya kupumzika kwa ajili ya kuzaa, yasiyozidi 8 yakiwa baada ya kuzaa, pamoja na theluthi mbili za mshahara wake. Akirudi akiwa ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kwa siku kwa ajili ya mtoto. Mimba si sababu ya kumfukuza. Tunajua mwenye mashine mbili atasema: nitalipa theluthi mbili na mtu wa kumshikia nafasi, kwa feza gani? Swali hilo ni la haki, na mama mmoja peke yake hawezi kulijibu. Vikundi vyenye likelemba vinaweza kutenga kidogo kila zamu kwa ajili ya wafanyakazi wanaozaa, kama tunavyochanga kwa kilio. Lakini kumwambia msichana “tumbo hilo nenda nalo”, sisi tuliobeba matumbo manne, matano? Hapana.

Kama mazungumzo yanashindikana, kuna mkaguzi wa kazi wa serikali, ambaye anajaribu kupatanisha pande mbili kabla ya kufika kwenye tribinali. Anasikiliza mfanyakazi na patroni vilevile.

Katika mkutano ujao, kila mama mwenye mfanyakazi aje na daftari. Tutaandika pamoja ukurasa wa kwanza, na asiyejua kuandika atasaidiwa. Mfanyakazi wako akitaka kuja naye, kiti kiko.