Ndege Yatoweka, Uvumi Wapaa

Saa 6.42 usiku, Jumamosi ya tarehe 8 Machi, 2014, ndege ya Shirika la Ndege la Malaysia, aina ya Boeing 777, ilipaa kutoka Kuala Lumpur ikielekea Beijing. Ndani yake walikuwamo abiria 227 na wafanyakazi 12. Zaidi ya nusu ya abiria hao walikuwa Wachina waliokuwa wakirejea kwao. Ilitazamiwa kutua saa 12.30 asubuhi. Jamaa waliofika kuwapokea wageni wao walikuta ubao wa uwanja ukionyesha kwamba ndege imechelewa, wakakaa kungoja.

Saa 7.19 usiku sauti kutoka chumba cha marubani iliwaaga waongozaji wa ndege wa Malaysia, kwani safari ilikuwa karibu kuingia katika anga ya Vietnam. Dakika mbili baadaye, alama ya ndege hiyo ilifutika katika rada za kiraia. Hakukuwa na ombi la msaada wala taarifa ya hitilafu yoyote. Wavietnam walipouliza ilipo, shirika lenyewe lilijibu kwamba ndege iko katika anga ya Kambodia, nayo haikuwa huko. Jibu hilo lilitokana na hesabu za njia iliyotarajiwa, si kwa kuiona ndege. Saa kadhaa zikapotea kabla ya kengele ya hatari kupigwa.

Nafasi hiyo tupu, yaani muda ambao hakuna mwenye madaraka aliyeweza kusema lolote la hakika, ndiyo iliyojazwa na maneno ya watu.

Kwanza yalikuja maneno ya baharini. Madoa ya mafuta yalionekana kusini mwa Vietnam, watu wakasema ndege imeanguka hapo. Mafuta yalipopimwa yalikuwa ya meli. Kitu cha manjano kilichodhaniwa kuwa mtumbwi wa kuokolea maisha kilikuwa kifuniko kilichoota ukungu wa bahari. Picha za satelaiti za Kichina zikaonyesha vitu vikubwa vikielea. Meli zilipofika hazikukuta kitu. Kila habari ya namna hiyo iliwainua jamaa vitini mwao na kuwarudisha chini kwa kishindo.

Kisha zikaja habari za hati za kusafiria. Ilibainika kwamba abiria wawili walisafiri kwa pasipoti za wizi, moja ya Mwitalia na nyingine ya Mwaustria, zilizoibwa nchini Thailand. Dunia nzima ikapiga kelele kwamba magaidi wamepatikana. Polisi walipochunguza, watu hao walikuwa vijana wawili wa Kiirani, na Interpol ikaeleza kwamba haioni dalili ya ugaidi kwao. Mdogo wao alikuwa njiani kwenda Ujerumani, na mama yake alikuwa akimngoja mjini Frankfurt. Kwa siku mbili tatu mama huyo alikuwa na uchungu wa aina mbili: mwanawe haonekani, na ulimwengu unamwita muuaji. Hata hivyo kosa la mpakani lilibaki kuwa kosa. Pasipoti zile zilikuwa zimeorodheshwa na Interpol kuwa zimeibwa, lakini hakuna aliyeitazama orodha wakati vijana wale wakipita.

Jamaa waliokusanywa katika hoteli moja mjini Beijing walikuwa na jambo lao. Walipopiga simu za mkononi za wapendwa wao, walisikia mlio wa kuita. Ikiwa simu inaita, walisema, basi iko nchi kavu, na mwenye simu yu hai. Mafundi walieleza kwamba mtambo humpa mpigaji mlio huo wakati bado unaitafuta simu, hata kama simu yenyewe imezimika. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Lakini ni mke gani angekubali kuweka chini mkono wa simu kwa sababu ya maelezo ya fundi?

Huko Kuala Lumpur mganga mmoja alifika uwanja wa ndege na wenzake, wakiwa na nazi mbili na darubini ya mwanzi, ili kuitafuta ndege kwa njia zao. Wengi walicheka, na wengine waliona haya kwa niaba ya nchi yao. Huenda kicheko hicho kilikuwa cha haraka mno, kwa maana hata wenye mitambo ya mamilioni walikuwa bado wakitafuta mahali ambapo ndege haikuwapo.

Jambo hili la mwisho ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini na kila aliyewahi kukesha zamu. Rada za jeshi la Malaysia ziliiona ndege usiku uleule. Iligeuka nyuma, ikavuka rasi ya Malaysia, ikafuata Mlango wa Bahari wa Malacca, na mara ya mwisho ilionekana saa 8.22 usiku. Ilidhaniwa kuwa ndege ya kirafiki, basi hakuna aliyerushwa kuifuata. Lakini kwa siku nyingi meli na ndege za nchi mbalimbali ziliendelea kupekua Bahari ya Kusini ya China, upande wa pili kabisa. Ilipofika tarehe 15 Machi ndipo Waziri Mkuu, Najib Razak, alipotangaza kwamba ndege iligeuzwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa ndani, na upekuzi wa upande ule ukasitishwa. Mwenye jamaa ndani ya ndege alikuwa na haki ya kuuliza: ikiwa hili lilifichwa au lilicheleweshwa, ni lipi jingine?

Hata maneno ya kuaga yalibadilika. Kwanza serikali ilitoa maneno fulani, na mwisho wa mwezi ikasahihisha kwamba sauti ilisema, kwa Kiingereza, usiku mwema, na kutaja namba ya safari, 370. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini polisi yeyote anajua jinsi shahidi anavyoonekana anapobadili maelezo.

Toka hapo kila mtu akawa mpelelezi. Wengine walisema ndege imefichwa Diego Garcia, kwenye kituo cha jeshi la Marekani. Ikulu ya Marekani ikakanusha. Wakazi wa kisiwa kimoja cha Maldivi walisema waliiona ikipita chini chini asubuhi. Wakuu wa huko wakasema si kweli. Wengi zaidi walimnyooshea kidole rubani. Ni kweli kwamba katika mtambo wake wa mazoezi nyumbani ilikutwa njia ya kuelekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Ni kweli pia kwamba ripoti ya Julai 2018 haikukuta badiliko la tabia kwa marubani, haikuweza kutaja sababu ya mkasa, wala haikuondoa uwezekano wa mtu mwingine kuingilia kati. Mke na watoto wa rubani nao walikuwa wafiwa, ingawa wachache waliwapa pole.

Hesabu za mawasiliano ya satelaiti zilionyesha kwamba ndege iliendelea kuruka hadi baada ya saa 2 asubuhi, ikielekea kusini. Tarehe 24 Machi ilitangazwa kwamba safari iliishia katika Bahari ya Hindi. Baadhi ya jamaa walipata habari hiyo kwa ujumbe wa simu, ulioandikwa kwa Kiingereza. Kesho yake waliandamana hadi ubalozi wa Malaysia mjini Beijing.

Bahari yenyewe ilianza kujibu mwezi Julai 2015, kipande cha bawa kilipookotwa katika kisiwa cha Réunion. Vingine vikafuata Msumbiji, Afrika Kusini, Morisi na Madagaska. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la kulia kilipatikana Pemba, na mwezi wa Septemba wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa ni cha ndege hiyo. Kipande cha Pemba kilisema jambo ambalo mabishano yote hayakuweza kulisema: yaelekea sehemu hiyo ya bawa haikuwa imeshushwa, kama ishushwavyo rubani anapojiandaa kutua.

Chini ya bahari zilipekuliwa kilomita za mraba 120,000 hadi Januari 2017, na kampuni ya Ocean Infinity ikapekua tena mwaka 2018, bila mafanikio. Machi 2025 Malaysia iliafikiana na kampuni hiyo juu ya eneo jingine la kilomita za mraba 15,000, kwa sharti la kulipwa dola milioni 70 ikiwa tu ndege itapatikana.

Baadhi ya jamaa hawakungoja mikataba. Desemba 2016 walisafiri kwa gharama zao hadi Madagaska, wakatembea pwani kijiji kwa kijiji wakiwaonyesha wavuvi picha za vipande vya ndege, na kuwasihi wakiokota kitu kama kile wasikitupe.