Hesabu zilizofichua kasi ya Delta

WAKAZI wa Lumakanda, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari, walijikuta Juni 2021 chini ya kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti 13 zilizowekewa masharti hayo Juni 17. Masoko yasiyo ya vyakula wala mifugo yalisimamishwa kwa siku 30. Muuza mitumba alikuwa na haki ya kuuliza: nani aliyejua kwamba Delta, aina ya corona iliyokuwa imegunduliwa Kisumu mwezi uliotangulia, ilienea kwa kasi kuliko zilizoitangulia?

Hakuna awezaye kuviona virusi vikimtoka mtu mmoja na kumwingia mwingine. Kinachohesabiwa ni uwiano. Tuseme maabara imechunguza sampuli 100, ikapata 10 za aina mpya na 90 za zamani, yaani moja kwa tisa. Wiki ya pili uwiano ukawa mbili kwa tisa, ya tatu nne kwa tisa. Ukizidi maradufu hivyo, wiki ya tano utakuwa 16 kwa tisa: aina mpya imetwaa sampuli 64 katika kila 100. Hata vipimo vikipungua au watu wakijifungia majumbani, aina zote mbili huathirika karibu sawa, na pengo hubaki wazi.

Lakini ni lazima pia kujua muda wa kutoka ambukizo moja hadi jingine. Katika mfano wetu, ukiwa siku 7, aina mpya ina kasi zaidi kwa asilimia 100. Ukiwa siku 5, ni asilimia 64 tu. Takwimu ni zile zile, majibu mawili! Ndiyo maana makadirio hutofautiana. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa Juni 2021 uliipa Delta asilimia 97 juu ya virusi vya awali.

Hapa nchini, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi na wenzao walichapisha modeli yao katika jarida la Science Oktoba 2021. Walioanisha vipimo vya PCR, kingamwili katika damu na nyendo za watu zilizonaswa na simu. Damu ilikuwa shahidi muhimu, kwani kati ya Aprili na Juni 2020 tayari asilimia 4.3 ya wachangiaji damu walikadiriwa kuwa na kingamwili, ilhali wagonjwa waliotangazwa walikuwa wachache mno. Modeli ilionyesha kwamba wimbi la kwanza liliwapiga zaidi maskini wa mijini, la pili wenye nafuu, na la tatu likachochewa na aina mpya.

Udhaifu upo. Sampuli hutoka zaidi palipo na maabara, si vijijini Lugari. Tena, kasi yaweza kuwa ya virusi kukwepa kinga, si wepesi wa kuambukiza. Omicron, iliyothibitishwa nchini Desemba 2021, iliwarudia wengi waliokwisha kuugua, na modeli isiyotenganisha mambo hayo mawili ingeipa sifa isiyostahili.