Mlima Unaoanzia Kwenye Miwa

Anayepanga kupanda mlima kutokea Ruaha ana kazi moja kabla ya nyingine zote: kueleza ni Ruaha ipi. Kuna hifadhi ya taifa magharibi ya Iringa. Kuna Ruaha Mbuyuni ya vitunguu, kwenye barabara kuu. Kuna chuo kikuu Iringa mjini, na kuna mto wenyewe uliowagawia wote jina. Ruaha ninayoizungumzia ni ya wilaya ya Kilosa: ukitokea Morogoro, unafika Mikumi, unakata kushoto kufuata barabara ya Ifakara mpaka miwa ikuzingire. Ukivuka daraja umeingia Kidatu, na umehama wilaya. Aliyekata tiketi ya Iringa kwa imani kwamba Ruaha ni Ruaha huenda akaona tembo wengi sana, ila Mwanihana hataupanda.

Mlima huo upo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Geti lake kuu liko Mang'ula, mbele kidogo ya Kidatu. Huko hakuna cha kutalii ukiwa umeketi ndani ya gari: unatembea, au unarudi kula muwa. Kilele cha juu kabisa cha safu hii ni Luhombero, mita 2,576, safari ya siku nyingi. Mwanihana unazidi kidogo mita 2,100, na njia yake, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 38. Watu wengi huigawa kwa siku tatu, wakilala msituni usiku mara mbili.

Mita 2,100, atasema aliyewahi kufika Uhuru, ni kilima cha kufanyia mazoezi. Tufanye hesabu kidogo. Geti la Marangu kule Kilimanjaro liko karibu na mita 1,870, na kambi ya Horombo iko mita 3,720. Kati ya hapo umepanda mita kama 1,850, kazi ya siku mbili, tena kwenye baridi. Mang'ula iko mita kama 300 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo anayefika kilele cha Mwanihana ameinua mwili wake karibu sawasawa na aliyefika Horombo, na nusu ya kwanza ameipanda katika joto la bonde la Kilombero, shati likiwa limemgandia mgongoni kabla ya saa tatu asubuhi. Kichwa hakitamuuma kwa uhaba wa hewa. Magoti hayahusiki na msamaha huo.

Ndiyo maana naona mipango mingi inaanzia pasipofaa. Watu huanza na viatu, halafu jaketi, halafu programu ya simu yenye ramani. Mwongozaji wanamkuta getini, kama mtu anavyomkuta mkata tiketi. Kwenye msitu huu mambo ni kinyume: kwanza umpate mwongozaji, naye ndiye atakayekwambia mto upi bado una maji mwezi wa Oktoba, kambi ipi ina siafu, na saa ngapi mtaondoka. Atakayebeba bunduki ni askari wa hifadhi, kwa sababu ya tembo na nyati, na huyo hajadiliwi bei. Msimu nao haujadiliwi sana: Juni hadi Oktoba. Mvua zikishaanza, njia huwa utelezi na kila jani lina mkazi.

Wanasayansi waliofika hapa walijifunza utaratibu huo kwa kuona haya kidogo. Mwaka 1979 watafiti wawili walisikia msituni karibu na Sanje mlio wasioujua. Mwongozaji wao aliutambua papo hapo: ni ng'olaga. Kima huyo mkubwa, asiyepatikana popote duniani nje ya Udzungwa, hakuwa kwenye kitabu chochote. Kijijini alikuwa jirani wa siku zote.

Kisa cha mwaka 1991 nakipenda zaidi, maana kilitokea jikoni. Watafiti wa Denmark walikuwa wamepiga kambi upande mwingine wa milima, katika msitu wa Ndundulu. Jioni wakaandaliwa kitoweo cha ndege. Mmoja akatazama sufuriani akaona miguu miwili inaelea, miguu ambayo hakuweza kuihusisha na ndege yeyote wa Afrika aliyemjua. Alikuwa kwale wa Udzungwa, ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi Asia. Dunia ilitangaziwa ndege mpya mwaka 1994. Aliyemtia sufuriani alikuwa anamjua kwa ladha.

Elimu ya namna hiyo hupatikana kwa kuingia msituni mara kwa mara, na sababu za kuingia zimepungua. Mpaka mwaka 2011 wanavijiji wa kando ya hifadhi walikuwa wakiruhusiwa siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Walioingia zaidi walikuwa akina mama, na nadhani vijia vya chini vya mlima hakuna aliyevijua kuwashinda. Msitu ulihitaji kupumzika, sikatai. Ila sijaona ofisi yoyote ya utalii ikimtafuta mama wa kuni ikampa kazi ya kuongoza wageni.

Kuhusu mzigo nitasema machache. Kilimanjaro ina mizani getini, na mgumu, kama wapagazi wanavyojiita kule, hatakiwi kuzidisha kilo 20. Niliyekubaliana naye mimi hakuwa na haja ya mizani. Alilishika begi langu kwa mkono mmoja, akalinyanyua kidogo, akalitua chini.

"Kaka, humu kuna nini?"

Nikafungua. Juu kabisa lilikuwa jaketi zito nililoazima kwa rafiki aliyepanda Kilimanjaro. Akalitazama, akatazama jua, akalikunja vizuri na kulikabidhi kwa mama muuza chai wa jirani. Nafasi yake akatia kilo mbili za unga wa sembe, furushi la dagaa na chumvi.

"Sweta moja inakutosha," akasema. "Twende, jua halitusubiri."