Hewa ukaa kuwa alkoholi: kazi ya kichocheo

Hewa ukaa ni molekuli tulivu. Atomi yake moja ya kaboni imeshikwa barabara na oksijeni mbili, wala haibadiliki bila kulazimishwa. Ili igeuke alkoholi kwa umeme, panahitajika maji, elektrodi mbili, na kichocheo kilichopakwa kwenye ile elektrodi inayotoa elektroni. Molekuli ya methanoli hudai elektroni 6. Ethanoli, ambayo ni lazima iunganishe kaboni mbili, hudai 12. Ni alkoholi ileile inayopatikana Lindi na Mtwara mabibo yanapochachuka kuwa uraka, ila hapa hakuna tunda wala sukari.

Kuivunja hewa ukaa kunawezekana kwa metali nyingi. Kazi ngumu ni kuchagua kinachotoka. Kuanzia mwaka 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walizilinganisha metali. Dhahabu na fedha hutoa monoksidi ya kaboni. Risasi hutoa fomati. Nikeli hutoa karibu haidrojeni tupu kutoka kwenye maji. Shaba peke yake hufika kwenye hidrokaboni na alkoholi, na sababu ni namna inavyoshika monoksidi ya kaboni inayozaliwa njiani: dhahabu huiachia mapema mno, nikeli huing'ang'ania mpaka uso wake unaziba, shaba huishika kwa kiasi, hata molekuli mbili zikapata nafasi ya kuungana.

Lakini shaba haina uaminifu. Huchanganya ethanoli, methani na ethilini kwa pamoja, na ethilini ndiyo hushinda mara nyingi. Ndiyo maana wabunifu huchonga chembe zake ziwe na nyuso za mraba, zinazopendelea muungano wa kaboni mbili, au huiongezea fedha ili monoksidi iwe tele karibu yake. Njia nyingine ilitoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2019: molekuli bapa zenye kobalti, zikiwa zimetandazwa moja moja juu ya mirija midogo ya kaboni, zilipeleka zaidi ya asilimia 40 ya umeme kwenye methanoli.

Utandazaji huo unaigusa Lindi kwa karibu. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo ni kaboni inayopitisha umeme, na Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Nikeli iliyoshindwa ikiwa kipande hubadilika kabisa atomi zake zinapotawanywa ndani ya kaboni yenye nitrojeni: hutoa monoksidi ya kaboni karibu tupu, ambayo shaba huweza kuipokea na kuiendeleza. Maabara hutumia zaidi kaboni ya kutengenezwa, na kinywe cha Ruangwa kinatazamiwa kwa betri. Hata hivyo malighafi ni za jamii moja.

Hewa ukaa yenyewe hutoka ardhini Ikama, Rungwe, ambako kampuni ya TOL Gases huikusanya. Kinachobaki ni umeme. Ukitoka kwenye gesi asilia, mtambo huweza kuongeza ukaa kuliko unavyoupunguza. Ukitoka kwenye maji, kama megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, hesabu hubadilika.