Ukirudi na homa kutoka utafitini, mwambie daktari ulikokuwa

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanapojiandaa kwenda nyanjani kufanya utafiti, aghalabu huhangaikia hojaji, nauli na kibali cha NACOSTI. Afya hukumbukwa gari likishaondoka. Ikiwa wewe ni mmoja wao, au ni mzazi wa mmoja wao, soma makala haya kabla ya mkoba kufungwa.

Tuchukue mfano wa Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ambako chuo kikuu kilipata hati yake mwaka wa 2015. Kutoka hapo mtafiti anaweza kufika kwenye mashamba ya miwa ya Nzoia, akapanda Mlima Elgon au akaenda hadi Kitale. Ni eneo zuri la kusomea kilimo, lugha na mazingira. Lakini pia lina hatari ambazo mtu aliyelelewa Nairobi au Nyeri hana mazoea nazo.

MALARIA KWANZA

Bungoma ni miongoni mwa kaunti za magharibi ambako malaria huambukizwa mwaka mzima. Mtu mzima aliyekulia huko ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejijengea kinga kiasi. Mgeni hana kinga hiyo. Hata mwenyeji aliyekaa mjini miaka mingi huwa ameipoteza kwa sehemu kubwa. Hivyo basi, malaria inayomlaza mwenyeji siku mbili inaweza kukupanda ubongoni na kukuua.

Muone daktari angalau wiki mbili kabla ya safari ili akuchagulie dawa ya kuzuia malaria. Mweleze kama una mimba au unatumia dawa nyingine. Baadhi ya dawa hizi, kama doksisaiklini, humezwa kila siku na huendelea kwa wiki 4 baada ya kurudi. Usiache kuzimeza siku unapofika nyumbani, kwa maana vijidudu ulivyoambukizwa siku ya mwisho bado vinaweza kuwa mwilini. Beba chandarua kilichotiwa dawa na uvae mikono mirefu jioni.

MAPANGO YA ELGON

Pango la Kitum katika Mlima Elgon linajulikana kwa sababu tembo huingia humo usiku kutafuta chumvi kwenye miamba. Popo nao wamefanya makao humo.

Mwaka wa 1980, mwanamume aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya aliugua baada ya kulizuru pango hilo, akafia Nairobi. Daktari aliyejaribu kumwokoa aliugua siku 9 baadaye, lakini akapona. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg, unaosababishwa na virusi. Mwaka wa 1987, mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark aliugua siku 9 baada ya kuingia Kitum, akafa. Mwaka wa 2017, ugonjwa huo uliwaua watu wa familia moja wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima huo huo. Wa kwanza kuugua alikuwa mwindaji.

Watafiti wamegundua kwamba virusi hivi huishi ndani ya popo wakubwa wanaokula matunda na kulala mapangoni, bila kuwadhuru popo wenyewe. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa dhidi yake.

Visa hivi ni vichache mno vikilinganishwa na malaria. Hata hivyo, usiingie pangoni kwa udadisi tu. Ikiwa utafiti wako unakulazimu, shauriana na msimamizi wako, uvae barakoa imara, glavu na miwani ya kukinga macho. Usimguse popo, awe hai au amekufa, wala kinyesi chake.

MBWA NA NYOKA

Anayepita boma kwa boma na hojaji hukutana na mbwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje kuona kama mbwa ataugua. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Vaa buti na utembee na tochi usiku. Ukiumwa na nyoka, usichanje jeraha, usilinyonye wala usifunge kamba. Vua pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa, na usafirishwe hospitali upesi. Kabla ya kuanza kazi, uliza ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa ya sumu ya nyoka.

UKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo wengi huponzwa. Mtafiti hurudi mjini akiwa mzima, halafu siku kumi baadaye homa inamshika. Hununua dawa za maumivu dukani, au humwambia daktari tu kwamba kichwa kinamuuma. Daktari wa mjini hawezi kukisia kwamba ulilala Bungoma wiki tatu.

Weka daftari dogo. Andika tarehe, mahali ulipolala, mapango uliyoingia na wanyama waliokuuma. Ukipata homa, lipeleke kwa daktari na uombe upimwe malaria siku hiyo hiyo.

Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Kwa hiyo, homa ikikushika ndani ya siku hizo nawe uliingia pangoni, jitenge na upige simu hospitalini kabla ya kwenda kuketi kwenye foleni, ili wahudumu wajikinge. Siku hizo 21 zikipita, usisahau malaria: inaweza kuchelewa wiki kadhaa, au hata miezi.

Acha nakala ya ratiba yako kwa msimamizi na kwa wazazi. Mzazi, nawe ukisikia mwanao ana homa baada ya utafiti, usimuulize tu amekula nini. Muulize alikuwa wapi.