Ufadhili wa Elimu ya Amani na Upunguzaji wa Silaha: Mlango wa Lugha kwa Mwanafunzi wa Katuba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza aina za misaada ya fedha inayotolewa kwa ajili ya elimu ya amani na upunguzaji wa silaha, na kuitazama misaada hiyo kutoka Katuba, mojawapo ya komini saba za jiji la Lubumbashi. Hoja inayotetewa ni moja. Misaada hii humlipia mtu aende akajifunze amani kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Kazi ya kuirudisha elimu hiyo nyumbani kwa Kiswahili haimo katika masharti yake makuu, na kazi hiyo isipofanywa, elimu huishia katika shahada ya aliyesoma.

2.0 Kwa Nini Katuba

Katuba ni makazi ya wafanyakazi yaliyoanzishwa enzi za ukoloni, wakati migodi na reli zilipovuta watu kutoka kaskazini ya Katanga, Kasai na kwingineko. Lugha za nyumbani zilikuwa nyingi. Lugha iliyowakutanisha kazini, sokoni na kanisani ilikuwa Kiswahili.

Historia ya mji huu ndiyo inayoifanya elimu ya amani kuwa haja ya kila siku. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na utengano huo ukamalizika Januari 1963. Katika kipindi hicho, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Kati ya 1992 na 1994 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi, wengine wakiwa na pinde na mishale, nao watu wakapoteza maisha.

Hata suala la silaha za nyuklia, ambalo kwa kawaida huonekana kuwa la mataifa ya mbali, lina mzizi wake hapa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mkoa huu huu wa Haut-Katanga. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia mwaka 2017, na kuuridhia mwaka 2022. Kwa hiyo mwanafunzi wa Katuba anaposoma habari za silaha anasoma pia historia ya ardhi yake mwenyewe.

3.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuieleza misaada yenyewe, hapana budi kutenganisha maneno ambayo mara nyingi huchanganywa. Ufadhili wa masomo hupewa mtu binafsi ili alipiwe karo, nauli, malazi na chakula akiwa masomoni. Ruzuku hupewa mtafiti au kikundi kwa kazi maalumu, nayo hudai taarifa ya matumizi. Vyote viwili havirudishwi. Mkopo hurudishwa. Anayeomba ruzuku kana kwamba anaomba ufadhili hueleza shida zake badala ya kueleza kazi atakayoifanya, na ombi la namna hiyo halifiki mbali.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno la pili. Kifaransa kina neno moja, désarmement, kwa mambo ambayo Kiswahili huyatenga kwa vitenzi vitatu. Kupokonya silaha ni tendo la mwenye nguvu: huja akachukua, na anayechukuliwa hana la kusema. Kusalimisha silaha ni tendo la mwenye silaha mwenyewe. Neno hili ni la ukoo mmoja na salama. Kupunguza silaha ni tendo la makubaliano, ambalo hutajwa zaidi panapozungumzwa habari za mataifa na mikataba.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika taarifa za habari za Kiswahili, mipango ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia huelezwa mara kwa mara kwa kitenzi kupokonya. Mtu aliyeshika bunduki kwa sababu ya hofu, akisikia neno hilo, hujifunza kwamba kuna anayekuja kumnyang'anya kinga yake. Mafunzo yanayofuata neno hilo huanza yakiwa yamekwisha kukataliwa.

4.0 Aina za Misaada

Misaada inayohusika inaweza kugawanywa katika mafungu manne, kwa kufuata anayelengwa.

Fungu la kwanza ni la watumishi wa serikali. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwafunza maofisa habari za upunguzaji wa silaha uliamuliwa na Baraza Kuu mwaka 1978. Walengwa wake ni wanadiplomasia na maofisa vijana, nao hupendekezwa na serikali zao. Mwanafunzi au mwalimu wa kawaida hawezi kujipeleka mwenyewe.

Fungu la pili ni la watu walio kazini. Mfano ulio karibu zaidi ni ufadhili wa Rotary kwa masomo ya amani, ambao wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 2002. Mojawapo ya vituo vyake ni Chuo Kikuu cha Uppsala, katika mji wa Sweden alikozikwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki karibu na Ndola tarehe 18 Septemba 1961 akiwa njiani kwenda kutafuta usitishaji wa vita vya Katanga. Tangu mwaka 2021 kituo kingine kimekuwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka kadhaa katika kazi inayohusu amani au maendeleo, na Kiingereza cha kumtosha kusomea.

Fungu la tatu ni la watafiti. Baraza la CODESRIA, lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, limekuwa likiwasaidia wanaoandika tasnifu na vikundi vya utafiti, na hufanya kazi kwa Kifaransa pamoja na lugha nyingine. Kwa msomi wa Lubumbashi huu ni mlango ulio wazi zaidi. Mtandao wa watafiti wa amani barani Afrika, ulioundwa mwaka 2012 chini ya Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la New York, nao umetoa ruzuku za utafiti kwa wasomi walioko Afrika.

Fungu la nne ni la vijana. Mwezi Agosti 2022 Japani ilitangaza mfuko wa kuwafunza vijana viongozi habari za ulimwengu usio na silaha za nyuklia, kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa. Masomo yake ya awali hufanyika kwa mtandao wa intaneti, na baadhi ya vijana hupelekwa Hiroshima na Nagasaki. Ni vigumu kufikiria safari yenye maana zaidi kwa kijana aliyezaliwa karibu na Shinkolobwe.

5.0 Mlango wa Lugha

Ukiyapanga masharti ya mafungu hayo, mlango wa lugha huonekana mara moja. Mtoto wa Katuba hucheza kwa Kiswahili, huenda akazungumza Kiluba, Chiluba au Kibemba na bibi yake, husoma sekondari na chuo kikuu kwa Kifaransa, na Kiingereza hukutana nacho kama somo mojawapo tu. Anayeomba nafasi ya Makerere hushindana katika lugha yake ya tatu au ya nne na mtu aliyesoma kwa lugha hiyo tangu utotoni. Hilo halipimi akili yake wala ujuzi wake wa kupatanisha majirani.

Zaidi ya hayo kuna vyeti na barua za wadhamini. Aliyekimbia makwao huenda aliviacha vyeti nyuma. Kwa sababu hiyo maandalizi hayana budi kuanza mapema: kupata upya nakala za vyeti, kujifunza Kiingereza kabla tangazo halijatoka, na kutunza kumbukumbu za kazi iliyofanywa mtaani, kwa kuwa uzoefu usioandikwa hauhesabiwi.

6.0 Kuirudisha Elimu Nyumbani

Katanga yenyewe ina mfano wa elimu iliyoeleweka bila darasa. Katikati ya miaka ya 2000 shirika la kikanisa la PAREC, likiongozwa na mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, liliwapa baiskeli watu waliosalimisha bunduki zao. Baiskeli hubeba mahindi, makaa na mgonjwa. Msumbiji ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo tangu mwaka 1995, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilipobadilisha silaha kwa majembe, cherehani na baiskeli. Katika mipango hiyo neno lililotendwa lilikuwa kusalimisha, nalo lilieleweka.

Lugha ya kuendeleza kazi hiyo ipo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaziruhusu lugha za taifa kufundishia. Tatizo ni kuchagua Kiswahili kipi. Kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu hupokewa Lubumbashi kama Kiswahili bora, lugha ya mimbari na ya taarifa rasmi. Barazani watu husema batoto, si watoto, na huchanganya Kifaransa bila taabu. Tamthilia za kundi la Mufwankolo, ambazo Johannes Fabian alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, zimethibitisha kwamba lugha hiyo ya mtaani inaweza kubeba mjadala mzito kama ule wa madaraka. Inaweza pia kubeba mjadala wa bunduki.

Hivyo anayeomba ruzuku anashauriwa kuiingiza kazi ya lugha katika bajeti yake tangu mwanzo: tafsiri, majaribio ya maneno mbele ya wasikilizaji, michezo ya kuigiza na vipindi vya redio. Wafadhili kwa upande wao wanapaswa kuihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya elimu ya amani, wala si gharama ya pembeni.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Kiswahili hakijakuwapo pale masharti ya misaada hii yanapoandikwa, na matokeo yake ni kwamba Katuba, yenye mengi ya kueleza kuhusu vita na kuishi pamoja, hungojea kuelezwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya kulirekebisha jambo hili. Kazi yao ya kwanza ni ndogo lakini ina uzito: kukaa na wasikilizaji wa Katuba na kukubaliana lini iandikwe kupokonya, lini kusalimisha, na lini kupunguza.